Neno Moja, Stesheni Tatu

Jumatano, saa tatu asubuhi, Tabu Lugendo alifaulu usaili wa Kiingereza wa kampuni ya reli. Alikuwa ameanguka mara mbili kabla ya hapo. Kufaulu kulimpa kazi katika chumba cha mawasiliano mjini, na mjini ndiko aliko binti yake Sayi, anayelelewa na bibi yake kwa sababu Kisengi hakuna shule.

Tabu alifundishwa na watu watatu. Kwa miaka yote aliyokaa Kisengi alizijua sauti zao tu.

Kisengi ni stesheni ya mtu mmoja. Kuna chumba, tangi la maji, njia ya kupishana na simu ya waya ya kuzungusha. Mtandao wa simu za mkononi haufiki. Treni ya mizigo ikishapita mchana, hapiti mtu mwingine hadi kesho yake. Stesheni tatu zinazofuata ziko vivyo hivyo: Malolwa, Igalu na Chigongo. Waya ni mmoja, kwa hiyo ukiinua mkonga wa simu, wote wanakusikia.

Malolwa yuko Mzee Ngeleja, anayekaribia kustaafu. Kipaji chake ni macho: jiwe likihama kando ya reli, analijua. Igalu yuko Zuhura Kipande. Kipaji chake ni wakati: ukimuuliza saa, anakutajia bila kutazama ukutani. Chigongo, mwisho wa waya, yuko Kalebo Mswima, kijana. Kipaji chake ni mikono. Simu yenyewe ilikuwa hai kwa sababu yeye huenda kwa miguu kuunga waya kila unapokatika.

Kilichomwangusha Tabu ni neno "by". Katika usaili huo, mezani huwekwa reli ya mbao na vigari vya kuchezea. Mtahiniwa husomewa agizo la safari kwa Kiingereza, naye hulitekeleza kwa vigari. Tabu alikuwa ameishika maana moja tu ya neno hilo, ile ya shuleni: kazi iliyofanywa na fulani. Aliposikia kwamba treni isimame "by" tangi, alielewa kuwa tangi ndilo litakaloisimamisha. Akaligongesha gari kwenye tangi. Wasaili walicheka. Mara ya pili alifanya vilevile, na safari hiyo hawakucheka.

Aliporudi aliwaeleza wenzake kwenye simu.

"Umeua dereva," alisema Kalebo.

"Mwache," alisema Mzee Ngeleja. "Mama Sayi, kesho treni ikipita, nipigie."

Kesho yake Mzee Ngeleja alimwambia achukue kigoda, akakiweke nje penye kibao chenye jina la stesheni, akae, kisha arudi kwenye simu.

"Umekaa juu ya kibao?"

"Hapana, mzee."

"Mbali nacho?"

"Hapana. Ubavuni mwake."

"Hiyo ndiyo 'by' yangu. Mke wangu nilimzika hapa Malolwa. Ukiniuliza kwa Kiingereza amelala wapi, nitakwambia 'by' reli. Treni ikipita, anaisikia."

Kisha mzee akamtaka aseme sentensi kumi zenye neno hilo, na Tabu akazisema.

Zuhura alichukua zamu yake siku treni ya maji ilipochelewa.

"Pipa lako lina maji ya kufika lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Basi treni ije 'by' Alhamisi. Ikija Jumatatu, sawa. Jumatano, sawa. Alhamisi ikipita haijaja, una kiu. Umeona? Neno hilo linaweka ukuta mbele, halitaji siku yenyewe."

"Nimeona, dada Zuhura."

"Mume wangu alipoondoka aliniambia atarudi 'by' Idi."

"Idi ipi?" aliuliza Kalebo.

"Mdogo wangu, ningelijua hilo nisingekuwa naongea na wewe."

Mzee Ngeleja alicheka hadi akakohoa. Zuhura naye alicheka kidogo, kisha akaendelea na somo.

Kalebo ndiye aliyefundisha mwisho. Alimwambia Tabu atoke wakati treni inapita, aangalie dereva anamsalimu kwa kitu gani.

"Kwa mkono," Tabu alisema aliporudi.

"Hiyo 'by' ni njia ya kitu kukufikia. Unga unanifikia 'by' treni. Ninyi mnanifikia 'by' simu. Mtu wa mwisho kunifikia 'by' mkono ni fundi wa reli. Alinipa mkono akaenda zake, na siku ile sikutaka kunawa."

"Kanawe, Kalebo," alisema Zuhura.

"Nilinawa, dada. Nilikuwa nimeshika grisi."

Walirudia masomo hayo kila mchana hadi Tabu aliposafiri.

Agizo alilosomewa Jumatano lilikuwa moja. Treni isimame kando ya tangi, iwe imefika kabla saa sita haijapita, na iondoke ikiruhusiwa kwa ishara ya mkono. Neno "by" lilikuwamo mara tatu. Tabu alisimamisha gari ubavuni mwa tangi, akalifikisha mapema, akainua mkono ndipo akaliondoa. Angekosa moja, angerudishwa tena. Mwishoni msaili alimuuliza, kwa neno hilohilo, kama anaweza kusimamia stesheni "by" nafsi yake, yaani peke yake. Maana hiyo hakufundishwa na mtu. Alijibu kwamba ndivyo anavyoishi.

Mkuu wa chumba cha mawasiliano alimpa mkono. Alimwambia kuna nafasi nyingine moja ya msaidizi, na kwamba atamchukua mtu yeyote wa stesheni za njiani atakayetajwa na Tabu. Awe mmoja. Asipotaja, Ijumaa nafasi itapewa mtu wa mjini.

Tabu alirudi Kisengi kufunga mizigo. Alhamisi mchana aliinua mkonga akawaeleza yote.

"Mtaje kijana," alisema Mzee Ngeleja. "Mimi nina kaburi hapa."

"Mzee, kusema kweli, hutaki kuondoka?" Tabu aliuliza.

"Nikistaafu nitatolewa kwenye nyumba hii, na nyumbani kwetu hakuna aliyebaki. Ningekuwa mjini ningejua watu wawili watatu kabla ya siku hiyo. Lakini usingeniuliza, nisingesema."

"Dada Zuhura?"

"Nikiondoka, akirudi hatanikuta. Nisipoondoka, nitazeeka nikimsubiri. Wewe nitaje. Ukishanitaja nitakuwa na sababu ambayo si yangu."

"Kalebo?"

"Mimi niko mwisho wa waya. Ukitoka wewe tunabaki watatu, maana kampuni haileti mtu mpya huku. Akitoka mwingine tunabaki wawili, na siku mmoja akiugua, aliyebaki ataongea na nani? Sijui nikuombe unitoe au nikuombe usimtoe mtu."

"Asipotaja mtu, nafasi inapotea," alisema Zuhura.

"Najua, dada. Ndiyo maana nimesema sijui."

"Na waya ukikatika, Kalebo akiwa mjini," alisema Mzee Ngeleja, "nani atauunga? Macho yangu yanaona ulipokatika. Miguu haifiki."

"Sasa mzee, umenitaja ili nitajwe au nibaki?"

"Nimesema tu ilivyo."

Tabu aliwaambia atalifikiria jambo hilo usiku. Walikata simu mmoja mmoja.

Wasikilizaji, pimeni wenyewe. Bila macho ya mzee, gari lingegonga tangi mara ya tatu. Bila wakati wa Zuhura, lingechelewa. Bila mikono ya Kalebo, lisingeondoka, na pengine hata simu ya kufundishia isingekuwapo. Mmoja anaogopa kufukuzwa kwenye nyumba, mmoja anaogopa kukosekana akitafutwa, mmoja anaogopa ukimya. Na Tabu anakwenda kwa mwanawe, ataje jina au asitaje.

Ijumaa asubuhi simu ya mjini iliita Kisengi. Mkuu alimuuliza jina. Waya ni uleule mmoja, na Tabu alisikia mikonga mitatu ikiinuliwa, mmoja baada ya mwingine. Mkuu aliuliza tena.

Habari za uhakika zinaishia hapo. Je, wewe ungekuwa umeshika mkonga ule, ungetaja jina la nani?