Zamu ya Tone

Tone likizunguka, paa huezekwa. Ndivyo alivyosema Mama Tusekile jana kwenye mkutano wa maji, na mkawaona wanaume wazima waliokuwa wakibishana tangu asubuhi juu ya mfereji usiofikisha maji nyumba za mwisho wakinyamaza na kuanza kuulizana nani ana koleo. Ninyi vijana mkabaki mnatazamana. Sasa mmenifuata mpaka jikoni kwangu mkitaka kujua ni maneno gani hayo yanayoshinda sauti ya mwenyekiti. Haya, kaeni, na aliye karibu na mahindi ayageuze yasiungue. Methali hii ina kwao, na kwao ni darasani. Mimi nilisimuliwa na wifi yangu Bupe, aliyekuwamo.

Miaka hiyo shule nyingi za huku Rungwe zilikuwa za kuta za udongo na paa la nyasi. Shule ninayoisema siwatajii jina, maana wajukuu wa mwenyekiti wa kamati yake wamo humu ndani na wanakula mahindi yangu. Ilikuwa na chumba kimoja ambamo darasa la tatu na la nne walisoma pamoja, wakifundishwa na Mwalimu Asajile. Chumba kilikuwa kizuri kwa kila kitu isipokuwa paa. Juu ya dawati la mwisho, upande wa dirisha, nyasi zilikuwa zimeoza, na mvua ikinyesha maji yalipenya hapo tone kwa tone. Nanyi mvua yetu mnaijua. Masika yakishaingia hunyesha asubuhi, hupumzika kidogo ili watu wapate kula, kisha hurudi.

Mtauliza kwa nini paa halikuezekwa. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, zikiwa ndefu na kavu. Masika Mwalimu Asajile alipolalamika, kamati ilimwambia asubiri kiangazi. Kiangazi kikafika, jua likawaka, darasa likakauka, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mahali panapovuja. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka, na kila mara watu walikubaliana vizuri sana.

Watoto nao walikuwa na utaratibu wao. Dawati lile halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo mtoto mgeni alipokuja, alikuta nafasi iliyo wazi ni hiyo tu. Mwalimu Asajile hakuwa mtu mbaya. Alimwambia akae pale palipo wazi, akageukia ubao. Watoto wakapaita mahali pale Kisimani, na kila asubuhi ya mvua walimgeukia aliyekaa hapo na kumuuliza, "Umetuchotea maji?" Darasa zima likaangua kicheko. Ulikuwa utani tu, ila mmoja kati yao hakuwahi kuuonea raha.

Mwaka mmoja mgeni huyo alikuwa Gwantwa, binti aliyeletwa kutoka Kyela kuja kuishi na mama yake mdogo. Alikaa Kisimani masika yote. Alijifunza kukata kipande cha jani la mgomba njiani, akakishika kwa mkono wa kushoto juu ya daftari huku akiandika kwa mkono wa kulia. Hata hivyo kurasa zilishikana, na maksi zake za hesabu zikapotea humo. Sketi yake haikukauka ikaisha, ikawa inanuka ukungu, na wakati wa kucheza rede wenzake hawakumwita. Nyumbani hakusema neno. Mtoto anayelelewa kwa ndugu hujua mapema kwamba kulalamika si kwake, hata kama mama mdogo mwenyewe ni mtu wa huruma, na huyu alikuwa mtu wa huruma.

Gwantwa hakuomba paa liezekwe. Paa lilikuwa jambo la wakubwa. Aliomba mgeni. Kwa desturi ya darasa lile mgeni mpya akija, wa zamani huambiwa amehitimu, na wenzake humsogezea nafasi mahali pakavu. Ajabu ni kwamba nafasi hiyo ilikuwapo siku zote, ilihitaji tu watu wabanane kidogo. Basi Gwantwa alisubiri. Masika yakapita, kiangazi kikapita, masika mengine yakaanza, na yeye bado yuko Kisimani na jani lake.

Baada ya Pasaka mgeni akaja. Aliitwa Melania, mtoto wa mtu aliyetoka upande wa Njombe kuja kuchuma chai. Alikuwa mdogo, amevaa sweta la mtu mzima ambalo mikono yake ilimfika magotini, na Kiswahili chake kilikuwa cha pole pole. Mwalimu akamwambia akae pale palipo wazi. Hapakuwa wazi, Gwantwa alikuwapo, lakini Gwantwa alikuwa ameshasimama na daftari zake mkononi. Bupe na Lusubilo wakabanana wakampa nafasi katikati yao.

Nisiwafiche, Gwantwa alifurahi mno. Lusubilo huyo alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, na Bupe ndiye aliyekuwa akichagua nani acheze rede na nani atazame. Wakati wa mapumziko walimgawia ndizi ya kuchoma. Alicheza mpaka akapoteza sauti. Jioni mama mdogo alishika sketi yake, akaiona kavu, akamuuliza kama siku hiyo walisoma kweli. Gwantwa akacheka, na mama mdogo akacheka naye, bila kujua wanachekea nini.

Ikapita kama wiki hivi. Asubuhi moja mvua ilipiga kweli kweli, na watoto wakageuka kutaka kuuliza swali lao. Safari hii aliyewahi kuuliza alikuwa Gwantwa. Hata yeye hakujua maneno yalivyomtoka.

"Melania, umetuchotea maji?"

Darasa likacheka. Lusubilo akampiga Gwantwa begani kwa kumpongeza, na Gwantwa akahisi kwamba sasa amekuwa wa hapo kabisa. Lakini Melania hakucheka wala hakununa. Utani wa shule ile ulikuwa bado haujamwingia. Alikuwa ametega kikopo chake cha uji chini ya tone ili dawati lisilowe, na kikopo kilikuwa kimejaa. Akainuka, akakishika kwa mikono miwili, akapita katikati ya madawati pole pole asimwage, akafika mbele ya Gwantwa na kukunja magoti kidogo, kama alivyofundishwa kwao kumpa maji mtu aliyemzidi.

"Karibu, dada," akasema. "Yalikuwa na vijani vya nyasi. Nimevitoa kwa kidole."

Watoto walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Gwantwa akakipokea kikopo. Aliviona vidole vya Melania, vyeupe, vimekunjamana kwa maji, akavijua. Vilikuwa vidole vyake yeye vya mwaka jana. Akapeleka kikopo mdomoni akanywa mpaka mwisho. Wenzake wakaacha kucheka, kwa kuwa hiyo haikuwamo katika utani wao. Akamrudishia kikopo na kusema asante, na Melania akarudi kwenye maji yake akiwa ameridhika, akidhani amepata rafiki.

Siku hiyo Gwantwa hakula vizuri. Aliona aibu, na pamoja na aibu aliona hofu. Alijua afanye nini, na alijua kitamgharimu nini. Bupe asingemwita tena kwenye rede. Nafasi ya pakavu ingefungwa, na mgeni mwingine wa kumkomboa pengine asingekuja mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Kesho yake alikata jani la mgomba zima, si kipande. Aliingia darasani, akapita dawati lake jipya, akaenda kukaa Kisimani ubavuni mwa Melania na kulitandaza jani juu ya daftari zote mbili. Bupe alimpungia mkono arudi. Lusubilo akamwambia kwamba akikaa huko ndiyo basi, nafasi yake hataikuta. Gwantwa akasikia, akakaa papo hapo. Mwalimu Asajile akaingia.

"Gwantwa, mbona uko huko? Nafasi yako si hiyo."

"Shikamoo mwalimu. Leo ni zamu yangu."

"Marahaba. Zamu ya nini?"

"Ya tone, mwalimu." Akalisogeza jani juu ya daftari la Melania. "Mwaka jana nilikaa hapa peke yangu, nikawa namwomba Mungu aje mwingine alowe yeye. Akaja Melania. Akikaa peke yake, na yeye ataomba hivyo hivyo. Mimi sitaki aombe hivyo."

Mwalimu Asajile aliweka chaki chini. Akatazama paa, kisha akatazama dawati, ambalo mbao zake zilikuwa zimeota kuvu. Bupe anasema midomo yake ilikuwa ikitembea kama anayetaja majina. Nadhani alikuwa akiwakumbuka watoto wote aliowaambia wakae pale palipo wazi. Halafu akasema kwamba zamu ni zamu. Kesho wangekaa Kisimani watoto wa dawati la mbele, keshokutwa wa dawati linalofuata, mpaka darasa zima liishe. Akaongeza kwamba mwalimu naye ni mtu wa darasa hili.

Basi tone likaanza kuzunguka. Siku ya zamu ya mwalimu aliwasomea imla akiwa Kisimani, na tone likawa linampiga utosini katikati ya kila sentensi, naye akawa anasema "nukta" kila linapompiga. Watoto wakaziandika nukta zote. Walicheka siku nzima, na safari hii aliyelowa alicheka kuliko wote. Bupe alipomaliza zamu yake alimfuata Gwantwa nje, akamwambia aje wacheze, na amlete Melania.

Zamu ikamfikia Lusubilo. Alirudi nyumbani akitiririka maji, na mama yake akataka kujua kulikoni. Kesho yake asubuhi mama huyo alitokea shuleni, kitenge amekifunga kwa nguvu, akamuuliza mwalimu mwanawe ana kosa gani hata akanyeshewe ndani ya nyumba. Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba hana kosa, ni zamu yake tu, na leo wako wengine. Akamkaribisha aone. Mama Lusubilo akaingia, akawakuta watoto wawili wa watu wengine wamejikunyata chini ya jani. Akauliza hili limeanza lini. Akauliza kabla ya zamu alikuwa anakaa nani hapo, na watoto wote wakainamisha vichwa. Mama Lusubilo akaondoka bila kuaga.

Wala hakuwa yeye tu. Kila zamu ilipomfikia mtoto, mzazi wake aligundua kwamba njia ya shuleni anaijua. Kamati ikakutana masika, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wakasema tena yale yale, kwamba nyasi kavu wakati huu hazipatikani. Mama Lusubilo hakuwa mjumbe, lakini alisimama mlangoni akawaambia kwamba zinapatikana. Ziko darini kwa mwenyekiti mumewe, zimewekwa kwa ajili ya jiko lake yeye mama. Jiko lake litasubiri kiangazi, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na anajua kukwepa matone. Mwenyekiti akakohoa, akasema hata yeye alikuwa karibu kulitoa wazo hilo.

Mvua ilipowapa nafasi wakaezeka. Wanaume walipanda juu, wanawake wakawarushia nyasi, watoto wakapasua magome ya migomba kupata kamba. Baba yake Melania alikuja pia, na siku hiyo watu walimwita kwa jina lake mara ya kwanza tangu afike. Walikuwa hawajashuka vizuri mvua ikarudi. Wote wakakimbilia ndani ya chumba kile, wazazi na watoto, wakasimama wakiwa wamebanana, macho juu. Wakasubiri. Mvua ilipiga nje kwa nguvu zake zote, na ndani hakikudondoka kitu.

"Mume wangu," Mama Lusubilo akasema mbele ya watu wote, "kumbe tone likizunguka, paa huezekwa."

Watu wakacheka, na mwenyekiti naye akacheka, angefanya nini. Katika kicheko kile Lusubilo alijipenyeza mpaka aliposimama Gwantwa. Tangu siku ya zamu yake alikuwa hajasema naye.

"Hivi mwaka jana ulikaa pale masika yote?"

"Yote."

Lusubilo akatazama miguu yake. "Pole, Gwantwa."

Pole hiyo ilichelewa mwaka mzima, lakini ilifika. Gwantwa, ambaye Kisimani hakuwahi kulia hata siku moja, alilia pale pakavu mbele ya kijiji kizima. Melania hakuelewa lolote. Akamshika mkono tu, na hakuuachia mpaka mvua ilipokatika.

Ndiyo hivyo, wanangu. Mwalimu alikuwa amelalamika miaka na miaka, na kamati ikamsikia vizuri kabisa, na paa likabaki kama lilivyo. Mtoto mmoja akikaa chini yake, huko ni kulowa kwake. Tone lilipompiga kila mtu siku yake, nyasi zikaonekana. Kwa hiyo jana Mama Tusekile alipoyasema yale, wale wanaume walielewa kwamba kuanzia leo kila nyumba itaenda kuchota kule bondeni kwa zamu, si zile za mwisho wa mfereji tu, na ya mwenyekiti wetu imo. Ndiyo maana mliwaona wakitafuta koleo la kuuzibulia mfereji. Tone likizunguka, paa huezekwa.