Hodi Tatu za Mize

Sogeeni, nyie mnaocheka huko nyuma. Zimwi wa leo hamli mtu mwenye adabu.

Zamani mfalme alipokufa, zimwi alikibeba kiti chake, akajifungia nacho nyumbani kwake. Watu wakasema: atakayekirudisha, ndiye atakayetutawala.

Akaenda shujaa, akauvunja mlango kwa teke. Zimwi akammeza yeye na mkuki wake. Akaenda tajiri, akajitoma ndani akifoka, "We zimwi, nipishe!" Akamezwa yeye na kilemba chake.

Akaenda Mize mfinyanzi. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi, wenyewe!" Kimya. Basi akageuka, akashika njia.

"We mwanamke!" zimwi akaita. "Mbona unaondoka, na kiti unakitaka?"

"Nimebisha mara tatu, Babu, hukuitika. Nyumba ni yako."

Zimwi akacheka, akacheka, mpaka akawatapika wale wawili wazima, wameloa chapachapa.

"Karibu, mjukuu wangu. Kichukue. Anayejua kuondoka mlangoni, atajua kuondoka kitini."

Mize akatawala miaka saba, watu wakashiba na kuheshimiana. Mwaka wa nane, zimwi akasikia sauti mlangoni:

"Hodi! Babu, nimekirudisha kiti."