Marahaba ya Mzee Kifaru

Zama hizo za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wangali na majumba, mabaraza na simu zao za mkononi, waliishi Mzee Kifaru na mkewe, Bi Zuwena. Macho ya Bi Zuwena yalikuwa yamefifia, hata siku moja alikaa na kichuguu akakihadithia habari za jirani, akidhani ni wifi yake.

Mzee Kifaru akaweka akiba msimu mzima ili amnunulie miwani kwa Korongo, ambaye duka lake lilikuwa mbali na aliuza kwa simu. Desturi ya malipo ilikuwa hivi: muuzaji huandika kiasi anachodai, kisha hupiga simu, mnunuzi akitamka neno lake la siri, ting! fedha humwendea aliyepiga.

"Umeandikisha neno gani?" akauliza Bi Zuwena.

"Marahaba," akanong'ona mumewe. "Kwa umri wangu, hilo sitalisahau."

Kesho yake asubuhi Mzee Kifaru alinunua chumvi kwa Ndovu. Nguchiro, kijana mwembamba wa mwili na mwepesi wa fikira, alikuwa akipita nyuma ya ua. Akamsikia mzee akimtaja Ndovu simuni, kisha akisema, "Marahaba," na papo hapo, ting.

Nguchiro akasimama. "Ndovu ni mkubwa kwa Kifaru," akajisemea. "Tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo?"

Akafikiri kidogo, akacheka peke yake. Kisha akaandika kwamba anadai yote, akapiga.

Krrr, krrr.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. U mjukuu wa nani?"

Ting. Simu ikakatika.

Adhuhuri akapiga Korongo. "Miwani iko tayari, mzee. Nipe neno."

"Marahaba."

Kimya.

"Rudia, mzee."

"Marahaba. Marahaba!"

"Mzee wangu," akasema Korongo taratibu, "simu yako haina kitu."

Mzee Kifaru akakaa chini kwa kishindo, pu, hata vyungu vikatikisika jikoni.

"Nimeibiwa kwa shikamoo," akasema hatimaye. "Zuwena, kijana yule alikuwa na adabu. Niliipenda sauti yake."

Jamaa wakasikia, wakafadhaika. Ndovu akatoa, Nyati akatoa, hata Punda akatoa, na fedha ya miwani ikapatikana tena. Korongo akamnasihi mzee: "Badilisha neno. Chagua usilozoea kulitamka."

Mzee Kifaru alitafakari siku tatu. Akalipata neno moja ambalo, tangu kuzaliwa kwake, hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote usoni. Akaliandikisha, na safari hii hakumwambia hata mkewe.

Habari za mchango na za neno kubadilishwa zikamfikia Nguchiro. Akajilaza juani, akajiuliza: "Muungwana aliyeibiwa juzi, ambaye hatukani wala hagombi, amefungia neno gani moyoni?"

Akainuka, akaandika, akapiga.

Krrr, krrr.

"Shikamoo, babu. Ni mimi, yule wa juzi. Bi Zuwena keshapata miwani, au bado anaongea na vichuguu?"

Damu ikampanda Mzee Kifaru hadi kwenye pembe. Adabu ya miaka sitini ikamtoka kwa pumzi moja.

"Mwizi!"

Ting.

Simu ikanyamaza. Mzee Kifaru akaitazama, kinywa wazi, kama aliyeona mkono wake mwenyewe ukimpiga kofi.

"Mume wangu," akauliza Bi Zuwena kwa mshangao, "umemwambia nani maneno hayo?"

Bi Zuwena akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mumewe, akaushika.

"Ndilo lililokuwa neno langu," akasema Mzee Kifaru. "Neno langu jipya."

Basi lishikeni hili, wajukuu zangu: neno la siri ni lile ambalo adabu haiwezi kulitoa kinywani mwako, wala hasira.