Bustani ya Maji ya Kunawa

Hapo zamani, bibi za bibi zetu wangali wakibebwa mgongoni, palikuwa na mji uitwao Shungwi, na mji huo ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Kwa jina kilikuwa kisima cha watu wote, lakini waliotangulia kunywa ni mawaridi ya Sultani. Kila asubuhi punda ishirini walipita na maji ya mawaridi, wakafuatwa na punda wanne wenye maji ya kuoga Sultani, maana alioga mara tatu kwa siku. Kila nyumba ikabakiwa na mitungi miwili, ya kunywa humo, ya kupikia humo, na ya kunawia humo humo.

Basi Sultani akaenda kumzuru Sultani mwenziwe, na huko akaona kila ua una bustani. Wivu ukamkaa kooni. Aliporudi, mbiu ya mgambo ikalia, na mpiga mbiu akasema: "Enyi watu wa Shungwi, baada ya siku tisini kila ua uwe na bustani ya kijani. Na yeyote atakayemwagilia mmea wake maji ya kisima, hata tone moja, atahamishwa mjini, na nyumba yake itakuwa zizi la punda wa Sultani."

Ilikuwa kiangazi kikavu, hata mbuzi walikuwa wakilamba kuta. Watu wakainamisha vichwa, ila fukara mmoja akacheka. Naye alikuwa Mshangama, msuka kamba, mtu wa maneno mengi na kanzu moja. Kicheko hicho kikafika barazani mwa Sultani kabla mwenyewe hajamaliza kukicheka, naye akaitwa.

"Ewe Mshangama, kilichokuchekesha ni nini?"

"Ni furaha, Maulana. Nilidhani utatuamuru tufuge samaki juu ya minazi, kumbe ni bustani tu bila maji."

Waziri akakohoa. Sultani akasema, "Vema. Wewe ndiwe utakayekaguliwa wa kwanza. Nikiikuta bustani, omba utakalo. Nisipoikuta, ama nikikuta umeimwagilia, punda wangu watalala chumbani mwako."

Mshangama akarudi kwake. Kusema kweli aliogopa sana, kwa kuwa nyumba ile aliikandika mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na mkewe, Mwanakheri, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Wangehamia wapi?

Mwanakheri alipopata habari alikuwa akiosha mchele. Akasema, "Mdomo wako huo, mume wangu, ungekuwa mtungi, leo tungekoga mchana na jioni." Kisha akainuka ayamwage maji ya mchele mlangoni, kama wafanyavyo wanawake wote wa Shungwi tangu mji ujengwe. Mshangama akamdaka mkono.

"Usimwage hapo."

"Basi niyanywe?"

"Mwana wa watu, umetuokoa," akasema Mshangama, akaanza kucheza uani peke yake, hata jirani wakachungulia kujua kama jua limempanda kichwani.

Siku ya pili akachimba ua uwe na bonde katikati kama sinia. Akaenda kwenye jaa la wafinyanzi, akaokota mitungi yenye nyufa, akaifukia mpaka shingoni, ili maji yatakayoingia yavuje polepole mizizini. Pembeni penye jua kali akapanda mishubiri na mihogo, isiyojua kulalamika. Kivulini mwa ukuta akapanda kunde, bamia na mchicha. Juu ya udongo akatandaza makumbi ya nazi, ambayo kwa msuka kamba hayana mwisho, jua lisipate pa kunyonya. Gharama yake yote ilikuwa maumivu ya kiuno.

Kisha akatangaza kuwa ana visa vipya, na kiingilio ni mtu kuja na kata yake ya maji, anawie uso na miguu juu ya mtungi uliofukiwa. Loo, watu wakajaa. Wazee walinawa, wanawake walinawa, na fundi mhunzi, ambaye mkewe alikuwa hajamwona msafi tangu arusi, alinawa mara mbili kwa siku ili asikose mwisho wa kisa. Haba na haba, kunde zikatambaa hadi juu ya ukuta.

Siku ya tisini Sultani akaja na Waziri wake, jasho likimtiririka. Na kwa kuwa ni desturi ya Shungwi mgeni kunawishwa kabla ya chakula, Mwanakheri, tumbo limemtangulia, akaleta birika. Akamketisha Sultani penye kivuli, akamnawisha mikono, akamnawisha miguu, Sultani akasukutua na kutema, akasema, "Ongeza, bibi." Kisha akala kunde na bamia mpaka akafungua mshipi.

Aliposhiba akakumbuka kazi yake. Akamwamuru Waziri atie kidole chini ya makumbi, nacho kikatoka na tope.

"Mshangama, umemwagilia. Hama."

"Haki ya Mungu, Maulana, sijamwagilia hata mchicha mmoja. Watu hunawa tu nyumbani kwangu."

"Kunawa juu ya mmea ni kuumwagilia. Usinifanye mtoto."

Mshangama akainama hadi chini. "Hukumu imetoka kinywani mwako, nami naipokea. Lakini maji haya yasiyokauka bado, bwana wangu, yametoka miguuni mwa nani? Nitakusaidia kufunga mizigo. Tena tutahama pamoja, nami nina visa vya njiani."

Sultani akatazama miguu yake, ingali yadondosha maji juu ya kunde. Waziri akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Kisha Sultani akacheka, akacheka hata kilemba kikaanguka ndani ya mchicha, na amri ikafutwa papo hapo.

"Omba utakalo," akasema, akijifuta machozi.

"Nyumba yangu ninayo, Maulana. Naomba maji yako ya kuoga tu. Yapotea bure mchangani, na wahenga walisema yakimwagika hayazoleki. Yaelekeze mtaani kwetu, tuyazoe kabla hayajamwagika."

Basi mfereji ukachimbwa kutoka hamamu ya Sultani hadi nyuani mwa watu, na mwaka ule Shungwi ikala mboga kiangazi kizima. Na ikawa kila jua likizidi, wanawake wa mtaa ule huinua mikono, na Mwanakheri, mwana mgongoni, huwaongoza kwa dua: Mola amzidishie Sultani wetu umri, na amzidishie jasho.