Kiganja cha Marehemu Nasibu

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji wa Kahfani, nyuma ya milima isiyofikiwa na misafara, watu hawakuwa na hati za nyumba. Mtu akijenga, alibonyeza kiganja chake kwenye chokaa mbichi kando ya mlango, upande wa ndani, majirani wakishuhudia. Alama ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wake na wa warithi wake mbele ya kadhi.

Mjini humo walikuwepo waja wema walioitwa Jamaa wa Mlangoni. Kila baada ya sala ya alfajiri walikaa mlangoni mwa msikiti kuwangoja wanyonge wenye kesi, wakafuatana nao kwa kadhi na kuwasemea. Hawakupokea ujira, hata kikombe cha uji. Mmoja wao alikuwa Bwana Idarusi, mwashi, mtu mpole. Mwaka ule alikuwa amefiwa na mama yake, na tangu hapo kila alipomwona ajuza alitamani kumtumikia.

Ikawa tajiri mmoja, Ghalibu, akitaka kupanua zizi la farasi wake, alidai kwamba nyumba ya mjane Bi Thuweba ilikuwa ya babu yake. Majirani walioshuhudia ujenzi walikwishatangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni kiganja cha mumewe, marehemu Nasibu, aliyekuwa muuza kuni. Kesi ikawekwa Jumatatu.

Siku ya Ijumaa, bibi alipokwenda kuzuru kaburi la mumewe, Jamaa waliona vyema wamfurahishe. Walifagia, wakaziba paa, na Idarusi akapaka chokaa mpya kuta zote zilizoliwa na masizi ya kuni. Alipaka huku akimkumbuka mama yake, na furaha ikamsahaulisha yote mengine.

Bi Thuweba alirudi, akasimama mlangoni, akapapasa ukuta.

"Wanangu," akasema taratibu, "mkono wa mume wangu uko wapi?"

Mwiko ukamponyoka Idarusi. Alijua kwamba chokaa mpya ikishikana na ya zamani, ukiibandua huenda zikatoka zote mbili.

Bi Thuweba akaingia chumbani, akalia. Hapo Tufaili mchukuzi, mmoja wa Jamaa, mtu wa miraba minne, akamvuta Idarusi pembeni.

"Mwashi, kiganja changu si haba. Na chokaa bado mbichi. Nibonyeze mara moja, yaishe. Kwani si kweli kwamba nyumba ni yake?"

"Ni kweli."

"Basi tunamdhulumu nani?"

Idarusi alitazama mkono ule mkubwa, na wallahi moyo wake ulielekea huko. Kosa lilikuwa lake, na ajuza angelala njiani kwa sababu yake.

"Tufaili ndugu yangu," akasema mwisho, "tulikaa mlangoni kwa sababu watu walikuwa wakiwazulia maskini uongo. Leo tukizua wa kwetu, kesho nani atatuamini tukimsemea mwingine? Nitakwenda kumwambia kadhi nilichofanya."

Jumatatu alisimama barazani kwa kadhi akaeleza kila kitu. Ghalibu akacheka hadi kilemba kikamlegea.

"Jamaa hawa husaidia watu bila ujira. Leo wamenisaidia mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Kadhi hakucheka.

"Mwashi, waweza kuitoa hiyo chokaa?"

"Sijui, shekhe. Nitajaribu, inshallah."

"Una siku saba. Mtu wangu atakaa nawe asubuhi hadi jioni. Kiganja kisipoonekana, nyumba ni ya Ghalibu."

Idarusi akapiga magoti mbele ya ukuta ule na kitambaa cha maji na kijiti cha mwanzi. Alilowesha, akangoja, akakwangua kiasi cha ukucha, akalowesha tena. Siku ya tatu Bi Thuweba alimletea uji.

"Mama, sisi Jamaa hatupokei kitu."

"Basi mwashi anywe, Jamaa afunge. Na siku nyingine ukitaka kunifurahisha, mwanangu, niulize kwanza."

Akanywa, machozi yakidondokea kikombeni.

Siku ya sita likatokea gumba. Siku ya saba, kadhi akiwa amesimama nyuma yake pamoja na Ghalibu na Jamaa wote, kipande cha mwisho kikaanguka, na kiganja kikaonekana kizima. Lakini kidole cha mwisho kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye pingili ya kwanza.

"Shoka lilimkata utotoni," akasema Bi Thuweba. "Soko zima lilimjua kwa kidole hicho."

Ghalibu, aliyenunua kuni kwa Nasibu miaka mingi, akainamisha kichwa. Tufaili akatazama mkono wake wenye vidole vitano kamili, akauficha ndani ya kanzu.

Kadhi akahukumu nyumba ni ya mjane. Lakini Bi Thuweba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameuweka mkono wake ndani ya ule wa mumewe, akitabasamu.

Mola awarehemu wote. Enyi ndugu, aliyefiwa huhitaji haki yake, na huhitaji pia kuachiwa alama ndogo za mpenzi wake. Tunapokwenda kuwafariji watu, twende taratibu. Na tukikosea, tuseme tumekosea, kisha tupige magoti tukwangue.