Hirizi ya Bi Zuwena

Mfaume, tajiri mwenye majivuno kuliko akili, alikuwa akiuza gari lake la kizamani.

"Chuma kitupu hiki! Lakini marufuku kugonga wala kukwaruza. Nyie makapuku mtanichubulia rangi."

"Sigongi, bwana mkubwa," alisema Bi Zuwena. "Nitaiweka hirizi yangu tu. Isipokaa, gari lina mkosi."

"Ushamba huo! Haya, iweke."

Kwenye boneti hirizi ikanata. Kwenye milango ikaanguka, yote minne.

Mfaume akatokwa jasho. "Lina nini?"

"Hapa pana mkono wa mtu."

"Lichukue kwa bei ya chuma chakavu! Liondoe kwangu!"

Nyumbani, Bi Zuwena aliifumua hirizi, akairudisha sumaku kwenye spika ya redio.

"Injini nzima," alimwambia mumewe. "Milango imeoza. Mjinga kaziba kutu kwa puti mwenyewe, halafu anaikimbia akidhani jini!"