Ndafu Iliyopoa

Wapendwa, leo naomba mniruhusu nijivunie binti asiye wangu.

Kulikuwa na baba mmoja ambaye bintiye alipata ufadhili wa masomo, ule mkubwa wanaoupata wachache nchi nzima. Bado alikuwa hajapata nafasi chuo cha udaktari. Ndiyo kwanza ameomba. Lakini mnatujua sisi. Ukoo mzima ukashona sare ya kitenge, mbuzi mzima akachomwa ndafu, mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mpisheni Daktari wetu!"

Sasa mama mmoja jirani akasikia hilo neno, akaamini. Akaja mbio na mtoto anayewaka homa, shingo imekakamaa. "Daktari, nisaidie mwanangu."

Baba akachukua kipaza sauti, kifua mbele. "Mwangalie, binti yangu. Watu waone."

Binti akamshika mtoto, akamtazama. Ninyi mngesema nini, na kitenge chote kile kinawatazama? Yeye akasema, "Baba, mimi si daktari. Sijui anaumwa nini. Naomba gari lililoleta maspika, tumwahishe hospitali."

Akaondoka na yule mama. Ndafu ikapoa haijakatwa. Mtoto akapona, Mungu ni mwema, lakini baba hakumsemesha bintiye siku kadhaa. Alipofungua kinywa alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu."

Siku ya usaili ikafika. Binti akakaa mbele ya madaktari, akaweka mezani cheti cha ufadhili wake. Daktari mmoja mama mtu mzima akakisoma, akamrudishia.

"Hongera, mwanangu. Hiki kimetufanya tutake kukuona. Lakini wenzako kwenye benchi pale nje nao wana vyao. Tuambie siku uliyoombwa jambo usiloliweza."

Binti akakiweka cheti pembeni. Aibu ya baba yake ilikuwa bado mbichi. Kisha akasimulia yote, hadi ile ndafu.

Yule daktari akavua miwani. "Kuna madaktari wamezika watu kwa kushindwa kusema sijui," akasema. "Wewe utafaa."

Akapata nafasi.

Jamani, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mnisamehe kwa kutaja tembo madhabahuni. Huyu alisifiwa kwa spika nne, na hakutia hata tone. Je, sisi? Tunaitwa mzee wa kanisa, mwalimu wa kwaya, mama mchungaji, na sare tumeshona. Sifa si dhambi. Mungu mwenyewe huwapandisha watu wake, nasi tupige vigelegele. Lakini sifa hutufikisha mlangoni tu. Siku mtu atakapotuletea mtoto wake anayewaka, tutamtazama mtoto, au tutatazama kitenge?

Yule baba alifanya sherehe ya pili. Ndiyo, ndafu nyingine, hamtujui? Akashika kipaza sauti. Watu wakangoja aseme "Daktari wetu".

Akasema, "Ndugu zangu, ukoo huu tumezaa wajuaji wengi, na mimi ni mmojawapo. Huyu ndiye wa kwanza kusimama mbele yetu sote akasema hajui. Mpisheni mwanangu."